Amekanyaga Kitu: Nani Goma Anautazama Mguu Kabla ya Msumeno?

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mtu akivimba mguu, au akipata kidonda kinachokataa kupona, majirani huwa na jibu kabla ya muganga wa hospitali: amekanyaga kitu. Hawasemi ni kitu gani, na hawahitaji kusema. Kuna aliyemwaga dawa mlangoni, kuna aliyezika mzizi njiani, kuna kesi ya shamba ambayo haijaisha. Mgonjwa naye huanza kuhesabu maadui badala ya kuhesabu siku za kidonda.

Shangazi yangu alisemwa hivyo. Alikuwa akiuza sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, upande wa soko la Kituku, mwanamke wa kusimama tangu saa kumi na mbili asubuhi, na alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka kadhaa. Jioni moja aliona soksi imelowa. Alipovua kiatu alikuta msumari mdogo umetoboa soli na kuingia kwenye unyayo, chini ya kidole gumba. Hakujua umekaa humo tangu lini. Labda tangu asubuhi ile, labda tangu juzi. Majirani waliposema amekanyaga kitu, walikuwa sahihi kuliko walivyodhani. Alikanyaga msumari, akaukanyaga tena kwa kila hatua kutoka ziwani hadi nyumbani, na mguu wake haukumwambia neno.

Kituo cha afya kilimfunga kidonda kwa wiki saba: bandeji safi, betadine, antibiotiki, mara tatu kwa wiki. Sina ugomvi na maenfirmie, yaani wauguzi, waliomfunga, walifanya walichofundishwa. Lakini katika wiki zote hizo hakuna aliyeomba kukiona kile kiatu. Hakuna aliyeugusa mguu wa pili. Na shangazi alikuwa akienda kufungwa kidonda kwa miguu na kurudi kwa miguu, juu ya kidonda chenyewe. Baada ya miezi mitatu kidole kilikatwa.

Kuna watu duniani ambao kazi yao ni kukiomba kile kiatu. Ubelgiji na Ufaransa wanaitwa podologi, na husomea kazi hiyo miaka 3. Uingereza waliitwa makiropodisti, siku hizi ni mapodiatristi. Marekani wamekwenda mbali zaidi: baada ya shahada ya kwanza husoma miaka 4 mingine, kisha hufanya mazoezi ya hospitali, na wengi wao hupasua. Majina na madaraja yanatofautiana, lakini kiini ni kimoja. Ni mtu anayeshughulika na mguu kuanzia kucha hadi kifundo, katika nchi nyingine hadi chini ya goti, na anayeshughulika nao ukiwa bado mzima au ndiyo kwanza umeanza kuharibika.

Kwetu kazi hiyo ina balaa la jina. Jina rasmi la Kifaransa limeunganisha pedikire na podologi. Ukisema pedikire Goma, mtu anamwona kijana mwenye kikapu cha vernis, rangi za kucha, anayezunguka mitaa ya Birere akigonganisha chupa, akikata kucha za wamama wakiwa wamekaa kwenye vibao vya maduka yao. Kwa hiyo ukimwambia mkubwa wa afya kwamba mji huu unahitaji pedikire, atacheka. Mimi mwenyewe nilicheka mara ya kwanza.

Kiswahili nacho kina lake hapa. Tunasema mguu, na mguu ni kila kitu kutoka paja hadi kidole. Maneno tunayo: unyayo, kisigino, kifundo, ugoko, shavu la mguu. Hatuyatumii. Daktari akisema "tutakata mguu", familia hukimbia na mgonjwa wao usiku kwa sababu imeelewa paja, kumbe alimaanisha vidole viwili. Nimeshuhudia kikao cha namna hiyo. Mgonjwa alirudi baada ya majuma mawili, na safari hiyo vidole viwili havikutosha tena.

Turudi kwenye kazi yenyewe, maana wengi wanadhani ni anasa ya wazungu wazee. Podologi akikupokea huanza na kiatu. Anakigeuza kuona soli imelika upande gani, maana kiatu husema namna mtu anavyotembea hata kabla hajasimama. Anaingiza mkono ndani kutafuta msumari, kokoto, mshono uliofumuka. Ndipo anautazama mguu: katikati ya vidole, kwenye nyufa za kisigino, kucha zinazoingia nyamani. Kwa mgongo wa mkono anapima joto, mguu mmoja dhidi ya mwingine. Anatafuta mapigo ya damu mahali pawili, juu ya mguu na nyuma ya kifundo upande wa ndani. Kisha anachukua uzi wa nailoni unaopinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10, anaugusisha sehemu kadhaa za unyayo na kuuliza: unasikia? Asiyeusikia uzi huo amepoteza kinga, na kinga iliyopotea ni maumivu.

Jambo hili nalirudia kila ninapopata nafasi, kwa sababu linakwenda kinyume na akili yetu. Sisi huenda hospitali kwa sababu panauma. Mguu wa mwenye sukari unakuwa hatari zaidi unapoacha kuuma. Somo hilo lilianzia kwa wenye ukoma. Daktari mpasuaji Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India tangu mwaka 1946, aliwakuta watu wakiamini kwamba nyama ya mwenye ukoma huoza yenyewe. Alichunguza akaona haiozi. Neva zimekufa, mtu hasikii, anatembea juu ya jeraha, analichimba kwa uzito wake mwenyewe siku baada ya siku. Alipoifunga miguu hiyo kwa plasta ngumu, kama ya mfupa uliovunjika, ili kidonda kisikanyagwe, vidonda vya miaka vilifunga. Dawa kubwa ilikuwa kuondoa uzito. Kongo bado ina ukoma, sukari inaongezeka mijini, na magonjwa hayo mawili yanakutana kwenye unyayo uleule.

Podologi pia anachonga sugu. Hapa najua nagusa heshima ya watu, kwa sababu kwetu sugu ni cheti cha kazi. Mtu asiye na sugu hajalima, hajabeba. Lakini kwenye mguu usiosikia, sugu ni kama jiwe lililoshonwa ndani ya ngozi: kila hatua inalisukuma juu, na nyama ya chini yake inapondeka bila kelele hadi siku inapotoa maji. Vipimo vilivyofanywa Uingereza mwaka 1992 vilionyesha kuwa kuichonga tu hupunguza mgandamizo mahali pale kwa kiasi cha robo. Kisu chembamba, mkono uliofundishwa, dakika kumi. Si wembe wa nyumbani, na si kuloweka miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi, desturi ambayo imewaunguza wengi wasiosikia moto.

Mji huu unakula miguu. Tunatembea juu ya lava. Barabara za mitaa mingi ni mawe ya volkano yenye meno, ua ni mawe, njia ya choo ni mawe. Mwaka 2002 watu walikimbia volkano ya Nyiragongo kwa miguu, Mei 2021 walikimbia tena, wengine wakatembea hadi Sake, kilomita zipatazo 25, na tangu vita virudi barabara hiyo imejaa nyayo za watu wenye magodoro kichwani. Kandambili ndicho kiatu cha safari hizo zote. Kandambili haina hatia, ni bei ya mfuko wetu, ila inaacha vidole wazi na kumlazimisha mtu kuukunja mguu ili isimtoke.

Halafu kuna wasukuma chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Tumewajengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, na sijui kama kuna mtu aliyewahi kuwavua viatu. Nilikaa na mmoja wao asubuhi nzima kwenye mteremko wa kuingilia mjini. Goti la kushoto huliweka juu ya kipande cha mpira kilichopigiliwa kwenye ubao, mguu wa kulia unasukuma chini, na akiteremka na mamia ya kilo za viazi, mguu huohuo husaidia breki. Miguu yake miwili si ndugu tena. Wa kulia una unyayo mpana, kisigino chenye nyufa za kuingia sarafu, na mshipa wa nyuma ya kisigino umevimba kama kamba ya mashua. Wa kushoto una goti lenye uvimbe laini. Nilipomuuliza anatibu vipi, alisema hupaka mafuta ya breki. Sikuwa na ushauri bora wa kumpa, nikanyamaza.

Kundi jingine halisemwi kabisa: vijana wenye selimundu, tunaowaita SS. Baadhi yao hupata vidonda kuzunguka kifundo cha mguu, vinavyofunga na kufunguka kwa miaka. Shuleni wanaambiwa wananuka. Kidonda cha namna hiyo kinahitaji mtu anayejua kukisafisha, kuufunga mguu kwa mgandamizo unaofaa, na kuwa na subira. Funza nao wapo, hasa kwa watoto, wakitolewa kwa sindano moja inayopita miguu ya familia nzima.

Na kuna ugonjwa ambao jirani zetu wameupima, sisi bado tunauita uchawi au matende. Unaitwa podokoniosi. Mtu anayetembea pekupeku miaka mingi juu ya udongo mwekundu unaotokana na volkano hupenywa ngozini na chembechembe za udongo huo, mishipa ya limfu inaziba, miguu inavimba hadi magotini. Hauambukizi. Daktari Ernest Price aliueleza akiwa Ethiopia, na uchunguzi wa kitaifa nchini Rwanda uliukuta katika wilaya zote 30. Volkano hazijui mpaka wa Gisenyi. Tiba yake haihitaji hata kisu: maji, sabuni, mafuta ya ngozi, bandeji, kuinua miguu, na viatu. Tena viatu vya kuenea mguu uliovimba, ambavyo havipatikani sokoni. Hapo tena anahitajika mtu wa miguu, na fundi.

Sasa tazama tulicho nacho, kwa sababu si kweli kwamba hatuna kitu. Vita vimetufundisha upasuaji. Hospitali ya CBCA Ndosho, ikisaidiwa na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, imepokea majeruhi wa risasi na mabomu kwa miaka. Kituo cha Shirika la Umoja hapa Goma, na Heri Kwetu kule Bukavu, hutengeneza miguu bandia, na mafundi wake wanajua kazi kiasi cha kujivunia. Mtu aliyepoteza mguu Goma ana mahali pa kwenda. Aliye na mguu unaokaribia kupotea hana. Tuna mwanzo wa barabara, yaani bandeji ya kituo cha afya, na tuna mwisho wake, yaani msumeno na mguu bandia. Katikati ni pori.

Sababu yake naiona hivi. Mguu uliokatwa unahesabika. Mguu bandia unapigwa picha, unaingia kwenye ripoti, mfadhili anaona mtoto aliyekuwa anatambaa sasa anatembea, na ni furaha ya kweli, siidharau. Kidole ambacho hakikukatwa hakina picha. Huwezi kumwalika mgeni aje aone kidonda ambacho hakikutokea. Kwa hiyo hakuna anayekidai, na wizara yenye mfuko mtupu haiwezi kununua kitu kisichodaiwa.

Wapo watakaosema, na rafiki yangu mmoja daktari amenitupia usoni: mji ambao uwanja wake wa ndege umefungwa, benki zimefungwa, watu wanatafuta unga, wewe unaleta habari za sugu na kucha? Ni hoja nzito. Lakini iangalie kutoka kitandani. Kitanda cha upasuaji ndicho kitu ghali na adimu kuliko vyote katika mji wa vita. Anayekatwa mguu kwa sababu ya kidonda cha kiatu analala kwenye kitanda ambacho majeruhi angelalia, anatumia damu, ganzi na masaa ya mpasuaji yuleyule. Zaidi ya asilimia 80 ya miguu ya wenye sukari inayokatwa ilianza na kidonda kidogo kilichoonekana kwa macho. Na aliyekatwa mguu mkubwa kwa sababu ya sukari, tafiti nyingi zinaonyesha nusu yao au zaidi hawafiki miaka 5. Podologi anayemfukuza mgonjwa wa namna hiyo kutoka wodini kabla hajaingia anafanya kazi ya vita.

Je, tuwasubiri mapodologi watoke Brussels? Hapana, na hapa naachana na wanaodhani kila taaluma lazima iletwe nzima kama kontena. Tanzania haikusubiri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walianza mpango wa Step by Step: walichukua daktari mmoja na muuguzi mmoja kutoka kila hospitali, wakawafundisha pamoja, wakawapa vifaa, wakawarudisha makwao, kisha wakawaita tena baadaye kwa somo la pili. Kuwafundisha wawili ndio ujanja wenyewe. Daktari peke yake hupandishwa cheo akaondoka, muuguzi peke yake hukatazwa kushika kisu. Wakiwa wawili, mmoja anamlinda mwingine.

Kwetu hilo linawezekana bila sheria mpya. Zoni za afya za Goma na Karisimbi zina maenfirmie wa A1 na A2, yaani wa chuo na wa sekondari, wanaoona vidonda kila siku. ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, inawafundisha kufunga bandeji, basi iongeze masaa ya kufundisha mguu. Kinè, mtaalamu wa fiziotherapia, anajua mwendo na misuli. Fundi wa miguu bandia anajua kukata semeli, soli ya ndani ya povu, inayotoboka mahali pa kidonda ili uzito uende pembeni. Vipande vya podologi vimetapakaa mji mzima, havijawahi kuketi meza moja.

Hata uzi wa gramu 10 ukikosekana kuna jaribio lililotoka mji wa Ipswich, Uingereza, mwaka 2011, lisilogharimu hata franka. Mgonjwa anafumba macho. Unamgusa kwa ncha ya kidole chako, taratibu, sekunde moja au mbili, kwenye kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano, miguu yote miwili. Migusano sita. Asiyesikia miwili au zaidi, mguu wake uko hatarini. Reko wa mtaa, yule mhudumu wa afya wa kujitolea, anaweza kulifanya akiwa amekaa kwenye kigoda cha jirani. Mwongozo wa kimataifa unasema asiye na hatari aangaliwe mara moja kwa mwaka, na yule aliyewahi kupata kidonda, ambaye hisia au damu mguuni imeshapungua, arudi kila mwezi 1 hadi 3. Shangazi yangu yumo katika kundi hilo la pili. Tangu akatwe kidole, anayeangalia mguu wake ni mimi, kila Jumapili baada ya misa, na mimi ni mwandishi.

Kordonyeri, fundi viatu, simsahau. Ndiye mtu wa kwanza kuona msumari ndani ya kiatu, na mara nyingine ndiye aliyeupiga. Yule aliye karibu na soko la Virunga nilimwonyesha jambo dogo: mchore mteja unyayo kwenye karatoni akiwa amesimama, ukate, uuingize kwenye kiatu cha mitumba anachotaka kununua. Karatoni ikikunjamana, kiatu hicho si chake hata kiwe kizuri namna gani. Na kiatu kinunuliwe jioni, mguu ukiwa umevimba kwa siku nzima ya kazi. Aliniambia nitamwulia biashara. Wiki mbili baadaye nilikuta karatoni tatu zimeninginia ukutani mwake, kila moja na jina la mteja.

Ninachokikataa ni kuwageuza vijana wa vernis kuwa waganga. Nimesikia pendekezo hilo kwenye kikao kimoja na lilipigiwa makofi. Kijana anayetumia mkasi mmoja kwa wamama ishirini kwa siku, bila kuuchemsha, tayari anabeba hatari, ukimpa na kisu cha kuchonga sugu umeiongeza. Afundishwe kusafisha vifaa vyake, afundishwe kukata kucha bila kuchimba pembeni, na aachwe hapo. Ila ana kitu ambacho sisi wengine hatuna: anashika miguu mingi kwa siku kuliko kituo chochote cha afya cha mji huu.

Nilizungumza na mmoja wao Birere, kijana wa miaka kama ishirini na mbili. Nilimuuliza kama amewahi kuona mguu uliomtia wasiwasi. Alifikiri, akaweka kikapu chini.

"Kuna mama moja nilimukata bila kutaka, pembeni ya kidole. Damu inatoka, yeye anaendelea kuongea kwa simu, anacheka. Njo nikamuuliza, mama, uko na ugonjwa ya sukari? Akashituka. Akasema, ulijulia wapi?"

Nikamuuliza alimtuma wapi.

"Papa," akasema, akiokota kikapu chake, "njo nilitaka nikuulize weye. Kumutuma wapi?"